Bunduki ya Risasi Tano na Kisu Kimoja

Bi Jaha wa Kilifi anajibu barua za wasomaji. Majina ya watu katika barua hii yamebadilishwa.

Malindi, Mfungo Tano, 1986

Mpendwa Bi Jaha,

Shikamoo mama. Naomba msaada wako, na naomba unijibu upesi ukiweza, maana nimepewa mpaka mwisho wa mwezi kusema ndiyo au la, na nimesikia kwamba marehemu mume wako alikuwa fundi wa bunduki hapo Kilifi, nikaona nikimwandikia mtu mwingine nitapoteza stempu bure.

Mimi ni mtu mzima wa miaka arubaini na mmoja, nina mke na watoto wanne, nauza misumari na rangi katika duka dogo hapa Malindi, na nina bunduki ya marisau ya mtutu mmoja niliyorithi kwa baba, yenye cheti chake cha polisi, na kila mwaka nalipia leseni ya ndege, kwa sababu tangu uwindaji wa wanyama upigwe marufuku ndege ndio tuliobakiwa nao. Tuna shamba Magarini, na kanga huko hawana haya hata kidogo, wanaingia mihogoni mchana kweupe. Basi kila Jumamosi nafunga duka adhuhuri, nakwenda, na jirani yangu wa shamba aitwaye Thoya hunifukuzia ndege, na nikimpiga mmoja yeye hukimbia kumshika, nami nafuata na kisu. Maana wewe wajua, Bi Jaha, kwetu ndege akianguka lazima umkute yungali hai, utaje jina la Mwenyezi Mungu, umchinje, akikutangulia kufa ni kibudu, na kibudu hakiingii jikoni kwa mama yangu.

Mama yangu, nimwite Bi Zuleikha, ni mtu mkali sana kwa jambo hili. Akienda arusini huuliza kwanza nani aliyechinja, huwauliza wapishi mpaka wapishi wanaudhika, bucha moja ameihama miaka kumi kwa kuwa hakupendezwa na kisu chao. Lakini nikileta ndege mimi hakuna swali. Husema mbele za watu, "Cha Mahdi hakiulizwi." Siku hizi amezeeka, chakula hakimpandi, samaki hamtaki, nyama ya ng'ombe asema ngumu, anachokula kwa raha ni kanga aliyepikwa kwa nazi, na hilo ndilo lililonitia katika mambo haya.

Sasa bunduki yenyewe imechoka. Kitako nimekifunga kwa waya, na katika risasi kumi mbili hunyamaza tu, ndege wanakuangalia nawe wawaangalia. Nikasema ni wakati wa kununua nyingine, na pesa ninazo kidogo, nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya paa la jiko la mama ambalo linavuja. Kuna bwana mmoja wa Mtwapa, Badawi, mfanyabiashara, anauza bunduki yake ya marisau ile inayojipakia yenyewe, ukifyatua ganda laruka nje na risasi nyingine yaingia mahali pake, mpaka risasi tano bila ya kuishusha begani. Mpya yake siwezi hata kuuliza bei, lakini hii imetumika na anasema kwa ajili yangu atapunguza, nikimjibu kabla ya mwisho wa mwezi. Akaja nayo mwenyewe Magarini Jumamosi moja ili niijaribu.

Bi Jaha, nisikuongopee, niliipenda. Kundi la kanga liliruka kutoka mihogoni, nikafyatua, nikafyatua, nikafyatua, sikujua hata nimepiga mara ngapi, nikaona wanaanguka, mmoja huku, mmoja ng'ambo ya mtaro, wawili kwenye kichaka cha miiba, jumla wanne kwa risasi tano, na maisha yangu yote sijapata kuangusha wanne kwa siku moja. Badawi akapiga makofi. Mimi nikatoka mbio na kisu, wa kwanza nikamkuta hai nikamchinja vizuri, wa pili Thoya alikuwa amemshika, akamwinua juu akaniambia, "Bwana Mahdi, huyu keshakwenda." Wale wa miibani tuliwatafuta karibu robo saa, tukawakuta na sisimizi. Nikawachinja wote watatu. Thoya alisimama akanitazama, akasema, "Mimi si wa dini yenu, lakini mchinjo huo hata mimi nauona." Badawi akacheka, akasema dini si nzito namna hiyo, bismillahi moja ya mtu anapoanza kufyatua yatosha risasi zote tano.

Nikaenda nao nyumbani wote wanne. Mke wangu, nimwite Harusi, ndiye aliyewanyonyoa, akaniuliza, "Mbona hawa hawana damu?" Nikamwambia imemwagika njiani. Akawapika kwa nazi, wakawa wazuri kweli, mama akala sahani mbili, jambo ambalo hatujaliona tangu mwezi wa Ramadhani, akainua mikono akaniombea dua ndefu mpaka nikatoka nje nikajidai naangalia tangi la maji. Harusi mwenyewe alipasha samaki wa jana akala huyo.

Tatizo langu sasa ni hili. Mama amefurahi mno, amewaambia majirani kwamba mwanawe amepata bunduki ya kisasa, na kwa maulidi ya Mfungo Sita, ambayo yatasomwa kwetu nyumbani, amewaahidi wanawake wa mtaa mzima pilau ya kanga, na amehesabu akaona wanatakiwa kanga kumi na wanne. Kwa bunduki ya baba siwezi, nikijitahidi sana ni wawili au watatu kwa Jumamosi. Kwa ile ya Badawi naweza. Ila nina wasiwasi kidogo kwa sababu tulipojaribu mara ya pili iligoma, ganda likakwama mlangoni, Badawi akaipiga kofi ikaendelea, kisha ikakwama tena, akaipiga tena. Yeye asema ni kiu ya mafuta tu. Tena kitako chake ni kirefu, Badawi ni mtu mrefu, mimi shavu lilinivimba siku tatu. Na kuna duka Mombasa lina bunduki ya mitutu miwili, nayo imetumika, bei yake iko chini kidogo ya hii. Na wako wanaonishauri nitengeneze tu hii ya baba.

Naomba uniambie ninunue ipi. Kuhusu wale kanga watatu sidhani kama ni lazima uwajibu, nimewataja tu ili ujue kazi ya bunduki.

Ni mimi,
Mahdi

Jibu

Mahdi, marahaba.

Umeniletea kurasa sita, mbili za bunduki na nne za kujikimbia, kisha mwishoni ukaniambia nisizijibu hizo nne. Nimezisoma zote, na chai yangu imepoa, kwa hiyo utanivumilia.

Nitaanza na bunduki kwa sababu ndiyo uliyouliza na ndiyo nyepesi. Ile ya Badawi usiinunue. Marehemu mume wangu aliketi na bunduki za watu miaka ishirini na miwili, na nilimsikia mara nyingi akisema kwamba bunduki inayojipakia yenyewe ni mashine, na mashine hutaka kufunguliwa. Nyingi katika hizo hutumia moshi wa risasi yenyewe kusukuma vyuma vyake, na masizi ya moshi huo hubaki ndani. Changanya masizi na mafuta ya miaka na chumvi ya hewa ya pwani, utapata uji mweusi ambao mume wangu aliuchokoa kwa kijiti kwenye meza yangu ya kulia, na tuligombana sana juu ya meza hiyo. Badawi aiita kiu ya mafuta. Mwambie aifungue mbele yako, kipande kwa kipande, kisha airudishe. Kama hajui kuifungua, basi hajapata kuisafisha tangu ainunue, na unachonunua ni huo uji uliomo ndani. Chombo kinachopigwa kofi ili kifanye kazi kwa mwenyewe aliyekizoea, kwako kitataka teke.

Tena risasi mlizotumia siku ile zilikuwa za nani? Najua zilikuwa zake, maana hukuzitaja bei, na wewe ni mwenye duka, ungezitaja. Bunduki za namna hii huchagua chakula. Ukizipa risasi nyepesi za bei nafuu, zile ambazo wewe na mimi tunaziweza, nyingine hukataa kabisa kujipakia, ukabaki na bunduki ya risasi moja moja iliyo nzito kuliko ya baba yako. Na siku springi ikikatika utaiagiza wapi? Bei anayokutajia Badawi ni mahari tu, Mahdi, matumizi ya nyumba yaja baadaye, na wewe unataka kuoa kwa pesa za paa. Watu wazima walikwisha kusema, rahisi huvunja upishi.

Kitako kirefu seremala aweza kukipunguza, kweli, lakini akikosea hakiongezeki. Na jambo la cheti usilifanye mchezo. Kabla ya kutoa hata senti moja kwa bunduki yoyote, nenda kituoni ukaulize kama cheti chako kitaikubali bunduki ya namna hiyo, na kama mtauziana basi muuziane kwa njia ya polisi, si kwa kupeana mikono Mtwapa juu ya soda. Tena bunduki iliyoandikwa jina la mtu mwingine usiitie begani tena, hata mwenyewe akisimama pembeni anapiga makofi, mpaka umeuliza sheria yasemaje.

Sisemi bunduki hizo ni mbaya. Mtu mwenye pesa za vipuri, mwenye subira ya kusafisha kila atokapo porini, anayepiga ndege wa kuharibu mpunga na haja yake ni waondoke tu, huyo na anunue. Wewe si huyo. Wewe unapiga ndege wa kuliwa na Bi Zuleikha. Ulikwenda porini na risasi tano, kisu kimoja na miguu miwili, ukashangaa hesabu ilipokataa. Bunduki inayokufaa ni ile inayoangusha ndege wengi kadiri unavyoweza kuwafikia wakiwa hai, na katika vichaka vya Magarini idadi hiyo ni mmoja. Thoya akiwa na mbio nzuri siku hiyo, wawili. Baba yako alikuachia mtutu mmoja, na nadhani alijua alichokuwa akifanya, au labda hakuwa na pesa kama wewe, vyovyote vile alikula halali.

Kwa hiyo ipeleke hiyo ya baba kwa fundi mwenye leseni. Bunduki inayonyamaza mara mbili kwa kumi mara nyingi ni pini imelika au springi imelegea, na kwa bunduki ya mtutu mmoja hiyo ni kazi ya siku moja, si ya kuuza jiko. Kitako akitengeneze upya kwa kipimo chako, na huo waya uutupe kabla haujakutoa jicho. Fundi akikuambia mtutu wenyewe umekwisha, hapo ndipo uende Mombasa ukaitazame ile ya mitutu miwili. Ichungulie ndani kuelekea kwenye mwanga uone kama kutu imechimba, ifunge uitikise uone kama inalia, iweke begani ukiwa umefumba macho kisha uyafumbue uone kama inatazama pale unapotazama wewe. Ikifaulu yote hayo na polisi wakaridhia, nunua. Pesa zinazobaki ziezeke jiko. Mama wa watu anavujiwa na wewe unapiga bei ya bunduki mbili.

Bunduki imekwisha. Sasa tuje kwa wale watatu.

Unaniambia Badawi alisema bismillahi moja yatosha. Mimi si sheikh. Wako wanaosema kumtaja Mungu wakati wa kufyatua kunatosha, na wako wanaokataa kabisa, na wewe Malindi umezungukwa na watu wa kuwauliza, hukuhitaji mfanyabiashara wa Mtwapa mwenye bunduki ya kuuza. Lakini hilo silo linaloniudhi. Linaloniudhi ni kwamba wewe mwenyewe hukumwamini Badawi. Ungemwamini, ungewaokota wale kanga kama walivyo ukaenda zako, na nyumbani ungesema wazi, wamekufa kwa risasi, nilitaja jina la Mungu, anayekula na ale. Wewe ulitoa kisu ukamkata shingo ndege mwenye sisimizi. Huko hakukuwa kuchinja kwa ajili ya Mungu, maana yeye alikuwa amekwisha kuona. Ulichinja kwa ajili ya macho ya mama yako. Nimeandika safu hii miaka saba na sijapata kuona mtu mzima mwenye watoto wanne akimdanganya mama yake kwa kisu.

Usiniambie ulifanya kwa kumpenda, ili ale. Najua unampenda. Barua nzima inanuka mapenzi na woga. Lakini yule mama akiingia nyumba ya mtu huwa na mashaka na kila sufuria, na duniani amejiwekea mahali pamoja tu pa kupumzika, napo ni mkononi mwako, na wewe ukapachafua hapo hapo. Yeye hana lawama, alikula hajui. Lawama yote imebaki kwako, na kila siku unayonyamaza inakua, na sasa unataka kuikuza mara kumi na nne na kuipakulia wanawake wa mtaa mzima, siku ya maulidi, ndani ya pilau. Mahdi! Uliandika mstari ule, kisha ukabandika stempu?

Harusi naye usidhani hajui. Mwanamke anayewanyonyoa ndege wako miaka yote hii hahitaji kuambiwa ndege aliyekufa kabla ya kisu anafananaje. Alikuuliza mara moja akakupa nafasi, ukamjibu uongo wa kitoto. Mke aliyepasha samaki wa jana huku kanga wa nazi yuko jikoni amekwisha kukujibu, na amekusitiri kwa siku zote hizi kwa kunyamaza, na kunyamaza huko kunamchosha. Hata Thoya, ambaye si wa dini yako na hana haja na kanga wako, aliona aibu kwa niaba yako. Mtake radhi Jumamosi. Anatoka jasho bure kumshika ndege hai ikiwa mwenye kisu hajali.

Basi fanya hivi. Leo usiku, watoto wakilala, mwambie Harusi kweli yote, na umshukuru. Usijieleze sana. Kesho baada ya alasiri nenda kwa mama yako peke yako, usimpeleke Harusi akakukinge. Mwambie, "Mama, katika wale kanga wanne mmoja alikuwa halali, watatu walikufa kabla sijawafikia, nikawakata nikakuletea." Kwa maneno hayo hayo. Usimtaje Badawi, usiitaje bunduki, usimtajie hamu yake ya kula ukamfanya yeye ndiye sababu. Atalia, au atakufukuza, au atanyamaza wiki nzima, na yote matatu ni haki yake. Huenda asile tena kitu chako bila ya kukuuliza. Ukiulizwa, jibu, na usinune, mpaka siku atakapoacha kuuliza mwenyewe, na siku hiyo isipofika utaendelea kujibu. Halafu nenda kwa mwalimu wa msikiti wenu umweleze upate kujua la kufanya baina yako na Mola wako, hilo si langu.

Maulidi yapikiwe mbuzi. Mlete yuko hai, afungwe uani, achinjwe na mtu atakayechaguliwa na mama yako, kwa kisu anachokitaka mama yako, mbele ya macho yake. Wanawake wa mtaa wakiuliza kanga wako wapi, waambie kanga wako Magarini mihogoni. Hakuna mtu aliyekosa thawabu za maulidi kwa kula mbuzi.

Na sasa neno la mwisho, ambalo nimeliongeza kwa ajili ya gazeti, ulisome polepole. Jibu hili sikukungojesha gazetini. Nililitia kwenye bahasha siku ile ile niliyopata barua yako, nikalitia posta mwenyewe, na nikamwomba mhariri alikalie kwa wiki mbili ndipo alichape. Majina nimebadilisha yote, hata la fundi rangi mmoja uliyemtaja bure nimelifuta, lakini kanga wanne siwezi kuwageuza wakawa kuku, na Malindi si mji mkubwa, na kuna wanawake huko wanaosomeana safu hii kwa sauti ukumbini wakichambua mchele. Kwa hiyo kama hii ni mara yako ya kwanza kuyasoma haya, ujue kwamba ama posta imenichezea, ama ulipoiona bahasha yangu ukaogopa kuifungua. Usimalize kurasa nyingine. Funga duka, nenda nyumbani sasa hivi, ufike kabla ya gazeti.

Bi Jaha